Macho Elfu Kumi ya Mzee Pazi

"Hivi, Bi Stamili, hilo gazeti lenu likifa, tanzia yake mtaitolea wapi?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa jirani, Bi Chausiku mpika vitumbua, asubuhi moja, kaegemea ua wa mabati na upawa mkononi. Hakuwa na nia mbaya. Bi Chausiku alikuwa mtu wa kuuliza tu. Hata msibani huuliza marehemu alikula nini mara ya mwisho, na kama kilibaki. Bi Stamili akacheka, akamjibu, "Gazeti halifi, shoga," akaingia zake ndani. Alipofika ndani hakucheka tena. Alikaa kitandani, akashika tasbihi, na kila punje iliyopita kidoleni ilikuwa inamuuliza swali lile lile.

Bi Stamili binti Kombo alikuwa na gazeti kama wanawake wengine wanavyokuwa na shamba: kaachiwa na marehemu. Mumewe, Mwinchande, Mola amrehemu, ndiye aliyelianzisha, akaliita Karabai la Asubuhi. Alipoulizwa karabai la nini asubuhi na jua lipo, akasema nchi ile hata mchana inahitaji taa. Kwa jibu hilo alikwenda kulala mahabusu, na alipotoka, gazeti likawa maarufu.

Nchi yenyewe jina lake tuliache, wenyewe hawapendi litajwe. Ni nchi nzuri. Watu wake ni watiifu, na asiye mtiifu hutafutiwa mahali pa kukaa.

Watu hao walikuwa na desturi ya kusoma gazeti kwa kuanzia nyuma. Mbele kulikuwa na hotuba, na hotuba ya leo ilikuwa ile ya jana iliyobadilishwa shati. Nyuma kulikuwa na wafu, na wafu ndio waliokuwa habari mpya. Mtu aliamka, akatazama nani kafa, akamshukuru Mungu kwamba si yeye, ndipo akanywa chai. Serikali nayo ilikuwa na sheria yake ya tangu zamani: hakuna mtu anayetambuliwa kuwa amekufa mpaka atangazwe gazetini. Sheria hiyo iliwekwa baada ya uchaguzi mmoja ambao wafu walijitokeza kupiga kura kwa wingi kuliko walio hai, na wote wakachagua chama kimoja. Serikali haikuchukizwa na kura zao. Ilichukizwa kwamba hawakupanga foleni.

Kwa hiyo ukifiwa, ulikwenda gazetini kwanza, makaburini baadaye. Karabai liliishi kwa tanzia, na Bi Stamili hakuona haya. Muosha maiti naye anaishi kwa maiti, na siku zako zikifika humcheki.

Ndipo zikaja simu za kupangusa.

*

Mwanzoni watu walikuwa wakinunua gazeti na kuperuzi simu. Kisha wakawa wanaperuzi simu na kuazima gazeti. Kisha wakawa wanauliza gazeti kwa ajili ya kufungia samaki tu, na muuza samaki akasema siku hizi anatumia mifuko.

Wachapishaji waliitana ukumbini kutafuta dawa, na kila mmoja alisimama kueleza alivyojitibu. Mwenye gazeti la Tarumbeta alikuwa amehamia mtandaoni na kujenga ukuta: msomaji alipie kwanza, ndipo mlango ufunguke. Wasomaji walifika, wakauona ukuta, wakasema, "Aa, kumbe wana ukuta," wakarudi zao. Ukuta ulikuwa imara hata mwenyewe akasahau neno la siri la kuingilia, na tangu hapo gazeti lake linaandika nini huwa anasikia kwa watu. Mwenye Nyundo aliambiwa wasomaji wa siku hizi hawapendi maneno marefu, akakata habari, akakata, mpaka bajeti ya nchi ikatoka hivi: "Bajeti imesomwa. Poleni." Hiyo ilipendwa sana, ila haikubaki nafasi ya tangazo la sabuni. Na mwenye Maendeleo aliacha habari kabisa, akawa anapiga picha sahani za wali.

Mheshimiwa Waziri wa Habari na Mambo ya Hewani alifika mwenyewe kuwatia moyo.

"Ndugu wachapishaji!" alisema, na msaidizi wake akamshikia miwani. "Karatasi ni mti. Mti ni mvua. Kwa hiyo kila gazeti mnalochapa, mmewanyima wakulima mvua! Serikali sikivu imewaonea huruma wakulima. Kuanzia sasa magazeti yote yatahamia hewani, ambako hakuna mti hata mmoja wa kukata. Mna swali? Hamna. Mna pendekezo?"

Mwenyekiti wa chama cha wachapishaji akasimama, mzee mwenye tai pana. "Mheshimiwa, huko hewani kila mtu anatangaza. Mtoto anatangaza, mwehu anatangaza. Serikali yetu tukufu itajuaje kwamba mtu katangazwa kweli kuwa amekufa? Sisi tunaomba hivi: mtu asihesabiwe maiti mpaka tanzia yake isomwe. Na isomwe ndani ya magazeti yetu."

Wachapishaji wakaona mwanga. Kama kila aliyefiwa atalazimika kuwaleta watu wasome, wasomaji watarudi, na wakirudi watakutana na tangazo la sabuni.

"Isomwe na wangapi?" akauliza Mheshimiwa.

Mtu mmoja viti vya nyuma, aliyekuwa akimtania mwenziwe, akapaza sauti, "Macho elfu kumi!"

Karani wa kikao akaandika. Na katika nchi ile, neno likishaandikwa na karani wa kikao, hata aliyelisema hawezi kulifuta.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," akasema Mheshimiwa. Bi Stamili akasema Bismillahi, akanyoosha wake. Aliwafikiria watu wake pale ofisini, kina Mzee Pazi mpiga chapa, na watoto waliokuwa wakisubiri unga majumbani mwa wengine wao. Aliunyoosha juu kabisa, mpaka ushungi ukamteleza.

*

Kanuni ya Macho ilipoanza, wakubwa walikufa bila taabu. Mkurugenzi mmoja alifikisha macho yake kabla hajakata roho, akalazimika kuharakisha. Masikini ndio waliopata kazi. Ukikaa barazani ulisikia watu wakipita nyumba kwa nyumba: "Hodi wenyewe! Tumefiwa. Tunaomba macho." Na wenyewe walitoka wakatoa macho, kama zamani watu walivyotoa mchele. Wengine walisema, "Tusameheane, jirani. Macho ninayo, bando sina." Wanawake waliokuwa wakialikwa kulia kwenye misiba ya watu wasio na jamaa waliacha kulia, wakawa wabofyaji wa kukodi, wakikaa mkekani na simu zao, kimya, wakibofya kwa majonzi.

Palikuwa na kesi ya fundi viatu mmoja mwenye chongo aliyesoma tanzia ya kaka yake. Afisa Uthibitisho wa Mauti akamhesabia nusu ya mtu. Fundi akalalamika. Afisa akamfungulia kitabu cha kanuni: "Imeandikwa macho, ndugu yangu. Haikuandikwa watu. Ningekuwa na uwezo ningekuongezea, lakini mimi si Mungu."

Wizara ikapeleka Mshauri wa Mageuzi kwenye kila gazeti. Karabai lililetewa Bwana Elifasi Njiku, kijana mpole, mwenye kompyuta aliyokuwa akiipakata kama mwana. Alikaa kwenye meza ya marehemu Mwinchande, akazisoma tanzia zote, akatikisa kichwa.

"Mama, tanzia zako ni baridi."

"Tanzia ni ya maiti, mwanangu. Ulitaka iwe ya moto?"

"Hapana, mama, sikiliza. 'Ametangulia mbele ya haki.' Sasa nani atabofya hapo? Kila mtu anatangulia mbele ya haki. Lazima umwachie msomaji kiu. Tazama wenzako Tarumbeta." Akageuza kompyuta. Tarumbeta walikuwa wamebomoa ukuta, na sasa walitangaza vifo hivi: "Alikunywa Chai Kama Kawaida. Kilichofuata Kitakutoa Machozi."

"Kilifuata nini?" akauliza Bi Stamili.

"Alikufa, mama."

"Astaghfirullah."

"Lakini umeuliza," akasema Elifasi.

Mtambo wa kupiga chapa ulizimwa wiki ile ile. Mzee Pazi Kibwana, mpiga chapa wa Karabai tangu siku za Mwinchande, hakufukuzwa. Bi Stamili alikataa katakata. Akapewa kazi ya kuulinda mtambo. Kila asubuhi alikuja na kitambaa chake, akaufuta vumbi, akautia mafuta kwenye viungo, akakaa kando yake kama mtu anayemuuguza nduguye. Mzee Pazi hakuwa msemaji. Ulimsalimu, akakuitikia, na hapo mazungumzo yakawa yameisha kwa wema. Hakugombana na mtu. Hakukopa, hakusengenya. Yeye na mkewe, Bi Kidawa, Mungu hakuwajaalia mtoto, na ndugu zake walimkalia vikao aoe mke wa pili. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akawaambia, "Chai imepoa," akarudi kwa mkewe. Mtaa mzima ulikijua kisa hicho. Bi Kidawa alikuwa akikisimulia mwenyewe, akijifunika mdomo kwa upindo wa khanga.

Siku moja walimkuta ameegemea mtambo, kitambaa mkononi, ameshatulia.

*

Maiti alichukuliwa na gari la serikali akapelekwa mochwari, maana kanuni haikuruhusu mtu ambaye hajafa rasmi azikwe. Hiyo ingekuwa mauaji. Bi Stamili aliandika tanzia kwa mkono wake, hakumwachia Elifasi hata nukta: "Mzee Pazi Kibwana, mpiga chapa, ametangulia mbele ya haki. Alikuwa mtu mwema na mwaminifu. Ameacha mjane."

"Mjane tu?" akauliza Elifasi.

"Mjane tu."

"Hakuna ugomvi wa mirathi? Hata ka-ugomvi?"

"Ameacha kitambaa, mwanangu. Nani atakigombea?"

Wakasoma wafanyakazi wa Karabai. Wakasoma majirani. Bi Chausiku alisoma mwenyewe kisha akawashika mkono wateja wake wote wa vitumbua, "Husomi, huli." Wakasoma watu wa msikitini baada ya imamu kutangaza. Hesabu ilipanda mpaka mia chache, ikasimama pale kama punda aliyekumbuka kwao.

Na siku hiyo hiyo, kwa kudra zake Mola, jogoo wa Mheshimiwa Waziri akafa. Alikuwa jogoo aitwaye Jenerali, aliyekuwa akimwamsha Mheshimiwa kwenda kulijenga taifa. Nchi nzima ikaenda kusoma. Macho laki kadhaa yakamwagika kwa Jenerali kabla ya adhuhuri, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na akazikwa siku ile ile, bado wa moto. Mzee Pazi akabaki juu ya chuma kule mochwari.

Bi Kidawa alipoona kimya, alijitanda kaniki akaenda mwenyewe kwa Afisa Uthibitisho wa Mauti. Bi Stamili akamsindikiza. Afisa alikuwa mtu mnene, mwungwana, mwenye sauti ya kuombea dua. Aliwakaribisha viti.

"Baba," akasema Bi Kidawa, "mimi nimefiwa na nataka kukaa eda. Mwanamke aliyefiwa hatembei ofisini. Nipe mume wangu nimzike, nikakae ndani."

Afisa akafungua kompyuta yake, akaisoma, akahuzunika. "Mama, mumeo hajafa."

"Nimemwona, baba. Nimemfumba macho mwenyewe."

"Sikatai. Umemwona wewe. Hayo ni macho mawili." Akainua vidole viwili, taratibu, asimuumize. "Kiserikali bado ni mzima. Sasa ukikaa eda na mume yu hai, hiyo ni kumtelekeza mumeo, nami nitalazimika kukuandikia. Na nimesikia kwako mmetandika mikeka na watu wamekaa. Msiba haupo, mama. Huo ni mkusanyiko usio na kibali."

"Kwa hiyo mimi ni nani?" akauliza Bi Kidawa. "Si mke, si mjane. Ni nani?"

Afisa akaitazama tena kompyuta. Haikuwa na jibu, na yeye hakuwa mtu wa kuitangulia.

Bi Stamili akaingilia. "Bwana Afisa, mtu wetu alikuwa mwema. Macho hayaji kwa sababu hana kituko. Mwema hana pa kusomwa?"

"Kanuni hii mliiomba wenyewe, mama," akasema Afisa kwa upole. "Nina muhtasari wa kikao. Mkono wako umo."

*

Mochwari ya serikali ilikuwa na majokofu mazuri ya kutoka ng'ambo. Mchana yalipumzika, kwa ratiba ya umeme. Bi Kidawa alipolijua hilo alianza kwenda kukaa nje ya dirisha la mochwari na chetezo. Alitia makaa, akatia udi, akapuliza moshi uingie kwa ndani. Mlinzi alimwambia haruhusiwi. Akamjibu, "Mwanangu, mume wangu hajawahi kunuka." Mlinzi akageukia upande mwingine, akaangalia ukuta.

Bi Stamili alimkuta pale akampelekea uji. Hakuunywa. Aliuliza tu, "Yamefika?"

"Bado kidogo, dada yangu."

Haikuwa kidogo. Hesabu haikuwa imesogea. Jamaa walikwisha kusoma, na mtu mmoja hahesabiwi mara mbili. Bi Stamili alizunguka kwa wachapishaji wenzake, awaombe nao waitangaze. Mwenye Nyundo alikubali, akaandika: "Pazi. Kafa." Mwenye Maendeleo alimuuliza kama marehemu alipenda wali. Mwenyekiti mwenye tai pana alimkalisha, akamwagizia soda, akamwambia kwa siri, "Bi Stamili, hii kanuni imetuokoa. Usianze kuichimba. Watu wema wanatuharibia biashara. Lakini hatuwezi kulisema hilo hadharani."

Siku ya Ijumaa mlinzi wa mochwari alikuja Karabai mwenyewe, kofia mkononi. Alisema serikali ina utaratibu: aliye hai akikaa mochwari muda mrefu bila kutambuliwa, anahesabiwa mvamizi wa jengo la umma. Manispaa itamtoa kesho asubuhi. "Wanawatoa kwa tingatinga, mama," alisema. "Shimo ni moja tu. Hawaoshi, hawasalii. Nimeona niwaambieni."

Bi Stamili alisali adhuhuri, akaongeza rakaa mbili za shida. Alipotoa salamu, hakuona njia iliyofunguka, ila ile ya Elifasi. Akamwita.

"Haya, mwanangu. Sema."

Elifasi hakutabasamu. Alikuwa kijana mpole kweli. "Mama, hatubadilishi kitu kikubwa. Hatusemi aliiba, hatusemi alilewa. Tunaongeza kichwa tu." Akaandika, akamwonyesha:

MPIGA CHAPA MKIMYA AFARIKI: MJANE TASA AGUNDUA WATOTO SABA WA SIRI.

Bi Stamili alisoma. Akakaa.

"Ondoa hilo neno."

"Lipi?"

"Unalijua."

Elifasi akaondoa neno "tasa". Akatazama mashine yake, akasema kwa masikitiko, "Bila hilo hayafiki, mama. Nimepima. Yanaishia elfu nne." Akalirudisha.

"Na mkewe tutamwambiaje?"

"Yeye ana simu?"

"Hana."

"Basi."

Bi Stamili alikaa akimfikiria Pazi ndani ya shimo la manispaa, uso chini, udongo unamwagika na tingatinga linanguruma. Mtu aliyekuwa hapiti kando ya bomba bila kutawadha. Alijiambia mtu akizikwa vizuri, Mungu ndiye anayejua alikuwa nani. Na yaliyoandikwa hewani, hewani yatabaki. Alijiambia kwamba uongo wa kumsitiri maiti huenda una hesabu nyingine. Alijiambia mengi. Kisha Elifasi akamsogezea kompyuta, maana kanuni inasema mwenye gazeti ndiye anayebofya.

"Ya Rabi, usiniangalie," akasema, akabofya.

*

Yalifika kabla ya alasiri.

Hayakufika tu, yalipita. Yalimpita Jenerali. Watu waliacha kazi wakasoma. Watu wasiomjua Pazi walimtukana. Wengine walimtetea, wakasema ndiyo wanaume. Mwanamke mmoja wa mkoa mwingine aliandika kwamba alimfahamu sana, na sauti yake ilikuwa kama radi. Wachungaji na masheikh waliombwa maoni, wakatoa. Kampuni ya sabuni ilileta tangazo jipya, likakaa pale pale juu ya jina la marehemu: "Madoa Yote Hutoka." Simu ya ofisi ikalia, alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe.

"Bi Stamili! Hongera sana! Karabai sasa limeingia karne hii. Nimesoma mara mbili, na mara ya pili najua haihesabiwi. Hawa watoto saba, serikali iwasaidieje?"

"Mheshimiwa," akasema Bi Stamili, "naomba kibali cha kuzika tu."

"Nenda sasa hivi. Nimempigia Afisa."

Alimpitia Bi Kidawa mochwari. Alimkuta na chetezo kimezimika, makaa yamemwishia. "Yamefika," akamwambia, na Bi Kidawa akasujudu pale pale kwenye changarawe. Njiani alimshika Bi Stamili mkono. Alisema, "Nilijua watu watamkumbuka. Mtu mwema hapotei. Nilikuwa nakwambia, hukuniambia hivyo nawe?" Bi Stamili alisema ndiyo, alimwambia. Mtaani watu walikuwa wakiwatazama na kunong'ona, na Bi Kidawa akawaitikia kwa kichwa, akidhani ni pole.

Afisa Uthibitisho wa Mauti alikuwa amevaa koti kwa heshima ya siku. Kibali kilikuwa mezani, muhuri tayari, na mashahidi wawili wa serikali wamesimama ukutani.

"Karibuni, karibuni. Poleni kwa msiba, sasa naweza kusema. Limebaki jambo dogo la utaratibu." Akavaa miwani. "Kanuni inasema, yaliyosomwa na macho elfu kumi ndiyo kweli. Kwa hiyo nitasoma tanzia kama ilivyosomwa na umma, na mhusika atathibitisha kwamba ndivyo. Akikataa, tanzia inakuwa batili, na marehemu anarudi kuwa mzima."

"Bwana Afisa," akasema Bi Stamili, "si lazima isomwe kwa sauti. Mimi ndiye mwenye gazeti, nathibitisha mimi."

"Mama, wewe si mjane."

"Mpe kibali mtu wa watu. Jua linazama."

"Nisome haraka basi," akasema Afisa, akakohoa kidogo, na akasoma kwa ile sauti yake ya dua, bila kuruka neno: "Mpiga chapa mkimya afariki. Mjane tasa agundua watoto saba wa siri."

Mmoja wa mashahidi alijikuna shingo.

Bi Kidawa hakuuliza imeandikwa na nani. Aligeuza uso polepole, akamtazama Bi Stamili, na Bi Stamili akatazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu, na rangi imebanduka pembeni mwa meza. Alitazama pale pale.

"Mama," akasema Afisa, "hayo yaliyosomwa ni kweli?"

Mkono wa Bi Kidawa ulikwenda kwenye upindo wa kaniki, kama ulivyozoea anapokisimulia kisa chake kile, ukaishia hewani, ukarudi.

"Nirudie?" akauliza Afisa.

"Nimesikia."

"Ni kweli?"

"Kweli," akasema Bi Kidawa. "Saba."

Afisa akapiga muhuri. Akampa mkono wa pole kwa mikono miwili, akamsogezea kibali, akamgeukia Bi Stamili na kumwambia kwamba katika kazi yake hajapata kuona tanzia iliyofanikiwa kiasi hicho. Bi Kidawa akakichukua kibali, akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kaniki yake kwa fundo, akalikaza kwa meno.

"Kidawa," akasema Bi Stamili. "Dada yangu. Ngoja basi. Gari lipo, twende sote tukamchukue. Sanda nimeshanunua. Kidawa, nisikilize, walikuwa wanamtoa kesho na tingatinga, mimi ningefanyaje? Niambie wewe, ningefanyaje? Nitukane basi. Nitukane nikusikie."

Bi Kidawa alikwisha kuvaa ndara zake. Alisukuma mlango kwa bega, akatoka.